Programu ya Maoni ya Wateja Baada ya Miezi Minane: Alama Nzuri, Mfuko Uliochanika

Karakana yetu hushona sare za kazi: za wauguzi, wapokezi wa hoteli, walinzi na wafanyakazi wa maabara. Tuko watu saba wenye cherehani tisa, na kwa miaka mingi tulijua kama mteja ameridhika kwa kumtazama tu anapojipima nguo mbele ya kioo, kwani mkono unaoshuka kuvuta pindo, au bega linalopandishwa mara mbili, humweleza fundi mambo ambayo mteja mwenyewe huona haya kuyasema. Biashara ilipopanuka, oda zikaanza kuchukuliwa na madereva na makarani wa ofisi, watu ambao hawatazivaa nguo hizo hata siku moja, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndipo tukaamua kulipia programu ya kukusanya maoni ya wateja. Tumeitumia kwa miezi minane, kila siku ya kazi, na nadhani sasa nina la kumwambia mwenye biashara ndogo anayefikiria kufanya kama sisi.

Kampuni iliyotuuzia sitaitaja, kwa sababu mengi ninayoyalalamikia niliyakuta pia katika programu mbili za aina hiyo nilizozijaribu kabla ya kuamua. Ninachotaka kupima ni ile ahadi iliyomo katika tangazo lake, kwamba itamsaidia mwenye biashara kuijenga biashara yake juu ya mahitaji ya wateja. Kwa maoni yangu ahadi hiyo inatimizwa kwa sehemu, na sehemu inayoitimiza ndiyo ambayo muuzaji haizungumzii kabisa.

Utendaji wake ni rahisi. Ukiingiza jina la mteja, namba yake ya simu na tarehe ya oda, programu humtumia ujumbe mfupi wenye kiungo, naye akikibonyeza hukutana na swali moja la kuchagua namba kuanzia 0 hadi 10, kisha kisanduku cha kuandika maoni akitaka. Majibu yote hukusanywa katika ukurasa wenye mshale mkubwa unaopanda na kushuka. Malipo hufuata kifurushi unachochagua, kulingana na idadi ya ujumbe unaotumwa kwa mwezi. Kuiweka katika simu na kompyuta kulituchukua nusu siku, na kijana wetu wa mapokezi, ambaye hajasomea kompyuta, aliizoea kabla ya wiki kwisha. Katika hilo sina lawama.

Swali lenyewe lina historia yake. Mwaka 2003 Fred Reichheld wa Bain, kampuni ya Marekani ya ushauri wa biashara, alitoa hoja kwamba maswali mengi ya dodoso la wateja yangeweza kuwekwa kando, likabaki moja tu la kumuuliza mteja kama angewaelekeza wenzake kwenye biashara yako. Wanaotoa 9 au 10 huhesabiwa kuwa wapiga debe, wanaotoa 7 au 8 huachwa pembeni, na kuanzia 6 kushuka chini huhesabiwa kuwa wakosoaji. Asilimia ya wakosoaji hutolewa katika asilimia ya wapiga debe, na kinachobaki ndicho alama yako, ambayo inaweza kuwa popote kati ya 100 chini ya sifuri na 100 juu ya sifuri. Kampuni kubwa duniani zilikipokea kipimo hiki kwa haraka, kwa kuwa mkurugenzi huweza kukibeba kichwani mwake hadi kwenye kikao bila karatasi yoyote.

Shida ya kwanza kwetu ilikuwa hesabu. Kampuni yenye majibu maelfu kwa mwezi haitikiswi na mtu mmoja, lakini karakana ikipata majibu 20, kisha wateja wawili waliokuwa wakitoa 9 wakatoa 6, alama nzima hushuka kwa pointi 20 na mshale huwa mwekundu. Mwezi wa pili tulifanya kikao cha saa moja kujadili anguko la namna hiyo, tukatafuta kosa katika ukataji, katika kitambaa, hata katika pasi, kumbe walioshusha alama ni makarani wawili wa ofisi moja waliokasirishwa na foleni ya siku moja. Programu haikutuonya mahali popote kwamba majibu yalikuwa machache mno kujengewa hoja. Mwenye biashara ndogo aisome orodha ya majibu moja baada ya jingine na auache ule mshale kama ulivyo.

Shida ya pili ilikuwa lugha, na hapa muuzaji hana kisingizio. Swali lilikuja limekwisha kutafsiriwa hivi: «Kuna uwezekano kiasi gani wa wewe kutupendekeza?» Mteja mmoja, mwalimu mstaafu anayeshonesha sare za walinzi wake, alipiga simu kuuliza anatakiwa kutupendekeza kwa cheo gani na uchaguzi ni lini. Tulicheka, lakini tulipopitia majibu yaliyotangulia tuliona kwamba wengi walikuwa wamejibu kwa kubahatisha. Programu inaruhusu kubadili maneno, ingawa sehemu ya kufanyia hivyo imefichwa katika ukurasa wa nne wa mipangilio, nasi tukaandika: «Mwenzako akihitaji sare, utamwelekeza kwetu?» Majibu yalibadilika tangu wiki hiyo. Namba zenyewe nazo zina kasoro yake. Mtu aliyekulia katika alama za shule akikupa 7 kati ya 10 amekusifu, na akikupa 8 amekuvisha taji, ilhali kanuni ya Reichheld haiwahesabu wote wawili. Kumweleza kila mteja maana ya namba ni sawa na kumwomba akupe unayoitaka, na hilo ndilo lililotupeleka kwenye shida ya tatu.

Nilikuwa nimebandika alama ya mwezi ukutani, karibu na meza ya kukatia, nikidhani itawatia watu moyo. Haikuchukua muda nikamsikia kijana wa mapokezi akimwambia mteja kwa sauti ya upole, «Mama, ujumbe ukija, usitusahau kwenye ile 10, tafadhali.» Sikuweza kumlaumu, maana mimi ndiye niliyeigeuza namba hiyo kuwa shabaha. Mwanauchumi wa Uingereza Charles Goodhart alilieleza jambo la jamii hii mwaka 1975 alipoandika kuhusu sera za fedha: kipimo kikianza kutumiwa kuwaongoza watu, uhusiano kilichokuwa kikiuonyesha huvunjika. Alama yetu ilipanda kwa miezi miwili mfululizo, na katika miezi hiyohiyo oda za kurudia kutoka kwa wauguzi zilikuwa zikipungua. Niliibandua karatasi ile.

Kilichotufumbua macho kilitokea nje ya programu kabisa. Nilikwenda katika kituo kimoja cha afya kuchukua vipimo vya wafanyakazi wapya, na nilipokuwa nikimsubiri msimamizi nilimwona muuguzi aliyevaa gauni letu, lile la kijivu lenye mifuko miwili mbele. Kila baada ya dakika chache aliingiza mkono katika mfuko wa kulia na kutoa kalamu, mkasi, mkanda wa gundi, wakati mwingine simu, kisha akavirudisha vyote kwa pamoja huku akitembea. Aliposogea karibu niliona pembe ya juu ya mfuko ule imeshonwa kwa mkono, kwa uzi mweusi ambao si wetu. Nilimuuliza ulichanika lini. Akajibu kwamba huchanika kila baada ya wiki chache, kwao wote, na kwamba yuko mwenzao anayekuja na sindano zamu ya usiku. Nilipomuuliza kwa nini hakutuambia, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. «Si nyie mliniuliza kama nitamwelekeza mtu kwenu, nikasema ndiyo? Hakuna aliyeniuliza habari za mfuko.»

Niliporudi nilitafuta jibu lake katika programu. Alikuwa ametupa 9.

Tangu siku hiyo pembe za mifuko ya mbele tunazikaza kwa zigizaga fupi na nzito, na kwa ndani tunaweka kipande cha kitambaa kinachopokea mvuto wa vitu vizito. Kazi hiyo huongeza dakika chache kwa kila gauni. Mfuko wa kulia pia tumeugawa sehemu mbili kwa mshono mmoja wa wima, ili kalamu na mkasi visikae na simu. Kwa fundi hayo ni mambo madogo, na aibu yangu kubwa ni kwamba ningeweza kuyajua miaka mitano nyuma kama ningekaa nusu saa mahali ambapo nguo zetu hufanya kazi.

Jambo hili si geni kwa waliolifanya kwa makusudi. Kampuni ya Intuit ya Marekani, iliyoanzishwa na Scott Cook na Tom Proulx mwaka 1983, ilikuwa na utaratibu wa kumwomba mnunuzi wa Quicken, programu yao ya hesabu za nyumbani, ruhusa ya kumfuata hadi kwake, kisha mfanyakazi wa kampuni akakaa kimya akimtazama anavyohangaika nayo tangu anapoifungua. Waligundua pia kwamba wengi walikuwa wakiitumia programu hiyo kuweka hesabu za biashara ndogo, kazi ambayo haikutengenezewa, na hawakuwa tayari kuhangaika na programu za kihasibu zilizodai ujuzi wa uhasibu. Kutokana na ugunduzi huo ikazaliwa QuickBooks, programu ya hesabu za biashara ndogo, mwaka 1992. Sioni ni swali gani la kuanzia 0 hadi 10 lingeweza kuleta habari hiyo, kwa kuwa wateja hao walikuwa wameridhika na wangetoa alama za juu kama muuguzi wangu.

Nirudi kwenye programu, maana ina mambo mawili mazuri ambayo ni haki yake yasemwe.

La kwanza ni uhuru wa kuchagua ujumbe utumwe lini. Mwanzoni ulikuwa ukitumwa siku ileile mteja anapochukua nguo, kwa kuwa ndivyo programu inavyokuja, na majibu ya siku hiyo hupima tabasamu la mapokezi na harufu ya nguo mpya. Tuliusogeza hadi siku 30, nguo ikiwa imekwisha kufuliwa, kukaliwa na kutokewa jasho. Alama zilishuka, na maoni yaliyoandikwa yakawa marefu na yenye manufaa: rangi ya kola imepauka, kiuno kimepungua baada ya kufuliwa kwa maji ya moto, zipu ya upande inakwama. Kampuni ya Coca-Cola ililipa gharama kubwa kwa tofauti hiyo kati ya onjo la mara moja na mazoea ya muda mrefu. Kabla ya kubadili kinywaji chake tarehe 23 Aprili 1985 ilikuwa imewaonjesha watu karibu 200,000, na wengi walikipenda kipya kuliko cha zamani. Swali ambalo halikupewa uzito ni lile la mtu atajisikiaje akiondolewa alichokizoea, na malalamiko yaliyofuata yaliilazimisha kampuni kukirudisha kinywaji cha zamani baada ya siku 79.

Swali la namna hiyo programu yetu inalo, limo katika dodoso la ziada ambalo hakuna aliyetuelekeza tulitumie. Limejengwa juu ya kazi ya Noriaki Kano, mtaalamu wa ubora wa Kijapani, aliyeonyesha mwaka 1984 kwamba mahitaji ya mteja hayako katika mstari mmoja. Yapo ambayo yakitimizwa hakuna anayekushukuru lakini yakikosekana utanuniwa, yapo ambayo kila ukiyaongeza mteja huridhika zaidi, na yapo ambayo mteja hakuyategemea na huyafurahia akiyakuta. Ili kuyatenganisha, mteja huulizwa maswali mawili kwa kila jambo: utajisikiaje likiwapo, na utajisikiaje lisipokuwapo. Tulipowapa wauguzi dodoso hilo, mfuko usiochanika uliangukia kundi la kwanza, na nembo iliyodariziwa kifuani, ambayo ilikuwa ikitugharimu muda mwingi na ambayo mimi binafsi nilijivunia sana, iliangukia kundi jingine ambalo Kano aliliita la wasiojali, yaani la mambo ambayo yawepo au yasiwepo, kwa mteja ni mamoja. Iliniuma kidogo. Kwa oda za wauguzi tumeiacha, isipokuwa mwajiri akiitaka.

Jambo la pili zuri, na kwangu ndilo linalostahili malipo yote, ni orodha ndogo iliyo chini kabisa ya ukurasa wa wateja, inayoonyesha nani hajarudi kwa siku 90 na alikuwa na kawaida ya kurudi mara ngapi. Tangazo halina hata sentensi moja juu yake. Dodoso humfikia zaidi mteja aliye karibu nawe; aliyekwisha kuondoka hajibu, na ndiye mwenye habari unayoihitaji. Kila Jumatatu asubuhi nachukua majina matano katika orodha hiyo na kuyapigia simu mwenyewe, bila dodoso na bila kutangaza punguzo, nikiuliza tu walikwenda wapi na kwa nini.

Simu moja katika hizo imebadili namna tunavyofanya biashara. Msimamizi wa kampuni ya ulinzi, aliyekuwa akituletea oda za suruali 40 kwa mpigo, alikuwa amehama bila ugomvi wowote. Aliniambia kwamba kazi yetu ni nzuri na hana manung'uniko, ila walinzi wake huingia mmoja au wawili kila mwezi, wengine huondoka, na sisi tulikuwa na sharti la oda isiyopungua nguo kumi. Alichohitaji ni suruali moja, rangi ileile isiyopishana na za wenzake, ndani ya siku tatu. Sharti hilo tuliliweka kwa sababu lilikuwa rahisi kwetu: kutandika kitambaa mara moja, kukata tabaka nyingi pamoja na kuipeleka kazi yote kwenye ovaloki kwa mkupuo. Yaani karakana nzima ilikuwa imepangwa kuizunguka meza ya kukatia, na mteja akatarajiwa kujipanga aifuate.

Sasa tunahifadhi vielelezo vya kila mteja wa taasisi katika bahasha yenye jina lake, tunaweka akiba ya kitambaa kutoka jora lilelile, na fundi mmoja hushughulikia oda za nguo moja moja pekee. Jambo hilo lina gharama yake, kwani kitambaa kilichokaa rafuni ni fedha iliyolala, na rangi mbili tulizoziwekea akiba zilibaki mikononi mwetu baada ya wenye nazo kubadili sare. Wapo pia waliotueleza mahitaji ambayo tuliyakataa waziwazi, likiwamo la kushona usiku kucha kila mwisho wa wiki, kwa kuwa lingewachosha mafundi hadi ubora wa wengine wote ushuke. Kusikiliza hitaji ni hatua moja, kuamua kama ni lako kulitimiza ni hatua nyingine, na programu haina msaada wowote katika hiyo ya pili.

Kwa anayetaka kununua, ushauri wangu ni huu. Ikiwa wateja wako ni wachache kiasi cha kuwajua kwa majina, daftari lenye tarehe za oda na simu ya mkononi vitakupa karibu yote niliyoyasifu hapa. Ikiwa wamezidi hapo, chukua kifurushi kidogo kabisa, andika swali upya kwa lugha wanayoizungumza, sogeza siku ya kutuma ujumbe, usiibandike alama ukutani, na iangalie orodha ya waliopotea kabla ya kitu kingine. Kabla ya kulipa hakikisha pia kwamba unaweza kuzitoa kumbukumbu zako wakati wowote. Sisi tulipotaka nakala ya majina na namba tulizoziingiza wenyewe, tuliambiwa huduma hiyo ipo katika kifurushi cha juu, na ili kupunguza kifurushi chetu ilibidi tupige simu saa za kazi, ilhali kukipandisha kulihitaji kubonyeza mara moja tu. Kwa kampuni inayouza usikivu kwa wateja, ninaona hilo ni la kushangaza.

Nimeendelea nayo kwa kifurushi kidogo. Nilipofanya mabadiliko hayo niliwaandikia mambo matatu ninayoyataka: tafsiri irekebishwe, onyo liwepo majibu yanapokuwa machache, na mteja aweze kutoa kumbukumbu zake bila malipo ya ziada. Siku iliyofuata nilipokea ujumbe mfupi wenye kiungo, ukiniuliza kuna uwezekano kiasi gani wa mimi kuwapendekeza. Niliwapa 6, na katika kisanduku cha maoni nikayanakili yale mambo matatu kama yalivyo. Umekwisha mwezi wa pili sasa, na sijapata jibu.